Punguza vitu ndani kabla ya vuli, kazi moja ndogo kila siku (kwa sisi wa Mwanza)

Jamani Septemba ndo hii. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana kawaida ya kusafisha nyumba nzima baridi ikishaisha, mwezi wa tatu wa nne hivi, wanafungua madirisha wanatoa kila kitu. Sisi huku kanda ya ziwa mwezi wa tatu na wa nne ni masika, ukitoa godoro saa nne asubuhi saa nane limeshalowa. Wakati wetu ni huu, mwisho wa kiangazi, jua limewaka tangu mwezi wa sita, vumbi limejaa kila mahali na mvua za vuli kawaida zinaanza kujitokeza mwezi wa kumi. Zikishaanza, kila kitu ulichorundika kinageuka tatizo: maboksi yaliyokaa chini yanafyonza maji, nguo zinapiga ukungu, makopo ya nyuma ya nyumba yanajaa maji na mbu wanazaliana, panya nao wanahamia ndani kwako.

Kwa hiyo huu ni mpango wa wiki nne, kazi moja kwa siku, dakika ishirini basi. Sio ile ya kujitoa Jumapili nzima, mnatoa vitu vyote nje, giza linaingia hamjamaliza mnavirudisha ndani vimechanganyikana kuliko mwanzo, mgongo unauma na hamu yenyewe imeisha.

Kitu kimoja nataka ukishike kabla ya vyote. Watu wengi hawashindwi kuchambua, wanashindwa KUTOA. Mtu anachambua vizuri kabisa, anajaza mifuko mitatu, halafu mifuko inakaa koridoni mwezi mzima, mtoto anachomoa gauni, mgeni anakuja mifuko inasukumwa uvunguni, mwaka unaisha. Vitu vimehama tu havijatoka. Ndo maana mi naanza na njia za kutokea, kabati linafuata.

Kabla hujagusa kitu: jua kinaenda kwa nani

Chukua karatasi andika. Chuma chakavu, vijana wanaopita na mkokoteni wanapima kwa kilo, sufuria iliyotoboka, bati, pasi iliyokufa, fremu ya baiskeli, vyote wanachukua. Chupa za maji na plastiki ngumu kuna wanaozikusanya karibu kila mtaa, mwulize jirani mwenye duka atakuelekeza. Nguo na vyombo vizima, andika jina la mtu kabisa, usiandike "wenye shida", andika mama fulani wa nyumba ya tatu, au shangazi wa Magu, au kanisani, msikitini, kituo cha watoto. Taka halisi, muulize mwenyekiti wa mtaa au balozi wa nyumba kumi gari la taka linapita siku gani na linasimama wapi, maana sisi tunaokaa milimani kama Mabatini, Igogo na Bugando juu gari halifiki mlangoni, inabidi ushushe mwenyewe au umlipe kijana wa toroli.

Na hapa niseme kitu kinachoniuma sana. Usitupe korongoni. Najua mlimani kuna mtaro unapita kati ya mawe na kila mtu anaona mvua itabeba. Kweli inabeba, inapeleka mto Mirongo, Mirongo unakatiza mjini unamwaga ziwani, na ziwa hilohilo ndo maji yanavutwa pale Capri Point yanasafishwa yanarudi kwenye bomba lako. Na plastiki usichome uani, moshi wake ni sumu na watoto ndo wanaovuta wa kwanza.

Halafu pale kwenye kalenda zungushia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hiyo ni siku ya usafi nchi nzima, mtaa wote unakuwa nje na mafagio, ndo siku nzuri ya kumalizia mizigo mikubwa maana mikono ya kusaidia ipo. Ila Jumamosi nyingine zote katikati nazo ni za kutoa. Kilichochambuliwa Jumatatu mpaka Ijumaa kinatoka Jumamosi, hakilali hapo wiki ya pili.

Vifaa: salfeti mbili zikae karibu na mlango (moja ya kugawa, moja ya kuuza au kutupa), ndoo moja ya vitu vya fundi, na alamu ya simu. Ikilia unaacha hata kama una mzuka wa kuendelea, kesho ipo.

Mengine ni ya kuongea kwanza. Vitu vya mwenzako usivichambue hayupo, hata kama unaona ni takataka, hiyo inaleta ugomvi usioisha. Mama au bibi akiwa anaishi na nyie muombe mkae pamoja, mwambie "mama naomba unisaidie kuangalia hili boksi", atakuambia mwenyewe kipi kiende na kipi kina historia. Dada wa kazi naye mshirikishe mapema, yeye ndo anayejua jikoni kipi kinatumika kweli, na begi lake lisiguswe. Nguo za marehemu ziache, kila familia ina utaratibu wake na wakati wake, hiyo sio kazi ya dakika ishirini.

Wiki ya kwanza, vitu visivyouma

Anza na droo ya chini ya tv. Kila nyumba inayo. Ichomoe nzima, imwage juu ya gazeti au kanga kuukuu uone vilivyomo. Utakuta remoti ya deki mliyoshauza, chaja za pini nyembamba za simu za zamani, earphone za upande mmoja, funguo za kufuli lisilokuwepo, betri za tochi zimevuja unga mweupe umegandia kwenye sarafu za shilingi hamsini, na karatasi za luku zimefifia hata hazisomeki. Karatasi ya luku ukishaingiza zile namba ishirini na umeme ukasoma, haina kazi tena labda kama unadaiwa na mpangaji mwenzio ushahidi. Betri zilizovuja zishike na kipande cha nailoni, ule unga unaunguza ngozi, ziweke kwenye kopo lenye mfuniko mbali na watoto, na usizitupe jikoni motoni. Chaja jaribu moja moja kwenye soketi, isiyo na simu yake ndani ya nyumba inaenda. Funguo zisizojulikana zitundike msumarini, mwisho wa mwezi hakuna aliyeziulizia zinaungana na chuma chakavu. Droo irudishe ina vitu ambavyo mnavitafuta kweli: tochi, kiberiti, mkasi, kalamu, betri mpya. Ukimaliza hii tu utapata nguvu ya kesho.

Siku ya pili ni mfuko wa dawa. Soma tarehe kila pakiti. Iliyopita muda, isiyo na jina, vidonge vilivyokaa kwenye kikaratasi cha bahasha hujui vya nini, weka pembeni. Antibayotiki zilizobaki nusu na dawa ya mseto ya malaria iliyokatishwa usimtunzie mtu mwingine, dozi ya nusu haimtibu mtu na inafanya wadudu wazoee dawa. Usimwage chooni wala usitupe jalalani mtoto akaokota, peleka famasi au kituo cha afya waombe waziteketeze. Dakika kumi umemaliza.

Siku ya tatu vifuniko na makopo. Kila kopo na mfuniko wake, kisicho na mwenzake kinatoka. Makopo ya siagi bakiza yale yanayofunga vizuri, matano sita yanatosha kabisa, sio thelathini.

Siku ya nne viatu vya mlangoni. Pea kwa pea. Ndala iliyokatika mara tatu iage. Kiatu cha shule kinachombana mkubwa na bado kinampwaya mdogo kina mwenyewe mtaani leo hii, mpe avae, usikihifadhi miaka miwili soli ikaja kubanduka yenyewe.

Siku ya tano ni karatasi, na hapa usikimbie. Tafuta faili moja la plastiki linalofunga. Ndani yake: vyeti vya kuzaliwa, vya shule na vya ndoa, kadi za NIDA na bima, kadi za kliniki za watoto, hati au mkataba wa kiwanja pamoja na risiti zake, mkataba wa kupanga, kadi ya pikipiki au gari. Risiti za vitu vyenye gerenti nazo. Wenye biashara, kumbukumbu zenu za kodi sheria inataka mzitunze miaka mitano, hizo zifungwe boksi lake na mwaka uandikwe kwa maka peni. Faili hilo likae juu, ndani ya kabati, sio chini ya godoro wala kwenye boksi sakafuni, maana bati likivuja usiku mmoja tu cheti kimekwisha na kufuatilia kingine unajua mzunguko wake. Piga na picha kila karatasi kwa simu, mtumie mtu mmoja unayemwamini.

Madaftari ya zamani ya watoto wauza karanga na maandazi wanayahitaji, ila chana ukurasa wenye jina na shule. Vitabu vya kiada uliza mwalimu kwanza, mtaala mpya ulianza 2024 na unaingia kwa awamu, kwa hiyo vingine bado vinatumika na vingine havitumiki tena. Cha kutumika kina mtoto anakihitaji.

Wiki ya pili, nguo na vitanda

Nguo usimwage zote kitandani. Leo mashati tu. Kesho magauni na madera. Keshokutwa za watoto. Siku nyingine mashuka na mapazia. Jiulize swali moja: nimeivaa tangu Krismasi au Idi iliyopita? Kama hapana na sio sare, sio ya msiba wala ya sherehe, inaenda. Kanga na vitenge mi nawaruhusu mbakize zaidi, zina kazi nyingi, za kubebea mtoto, za msibani, za kufunika, ila zile zilizochujuka na kuchanika ndo matambara ya deki, zikate leoleo vipande ziende jikoni, usiziite za kukata baadaye.

Kuuza? Nguo zako zikiwa nzuri kweli unaweza kuwauliza wanaouza mitumba Mlango Mmoja, lakini wale wananunua kwa bero, bei watakayokupa ya mojamoja itakuvunja moyo. Mi naona bora uwape watu. Na unapogawa nguo ifue, ipige pasi, shona kifungo. Mwite mtu pembeni mwambie "mdogo wangu kuna nguo hapa naona zitakutosha, ukipenda chagua", akikataa sawa, usimsukumizie salfeti nzima barazani mbele za watu akaona aibu. Iliyochanika makwapani usimpe mtu kabisa, hata ungekuwa unapeleka kijijini. Na mzigo wa Kwimba au Ukerewe mpigie ndugu kwanza umuulize wanahitaji nini, unaweza kukuta wanahitaji madaftari na wewe unawatumia makoti.

Kitanda kina siku zake mbili. Ya kwanza uvunguni: vuta kila kitu mpaka sakafu ionekane, begi bovu la zipu nje, ndoo ya rangi iliyokauka nje, kilichobaki kifutwe vumbi kirudi ndani ya begi au boksi lenye mfuniko. Ya pili godoro. Litoe juani kuanzia saa tatu, ligeuze saa sita, kagua mishono yote pembeni. Ukiona vidoadoa vyeusi kama wino hapo kuna kunguni, na jua peke yake halitawamaliza, watakuwa wamejificha kwenye chaga na maungio ya kitanda. Fungua chaga, mwagia maji yanayochemka kwenye matundu na nyufa, acha ikauke kabisa, rudia wiki ijayo kwa sababu ya mayai. Kitanda au kochi lenye kunguni usimgawie mtu kabla hujalimaliza tatizo.

Wakati kila kitu kinaanikwa juani kitu kimoja kianike kivulini: neti. Zile neti zenye dawa jua kali linaichosha dawa yake haraka. Ifue taratibu kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, anika chini ya mti au barazani, ziba matundu kwa sindano na uzi. Usiitoe neti ya zamani mpaka mpya iwe imeshafungwa kitandani, huku kwetu malaria ipo na vuli ndo inakuja.

Wiki ya tatu, jikoni na stoo

Vyombo vya kabatini, vile vya wageni. Dada zangu tuongee kwa upole. Una seti mbili za vikombe zimekaa miaka zinafutwa vumbi tu, halafu kila siku mnanywea vikombe vya plastiki vilivyopasuka mdomo. Shusha seti moja itumike kuanzia leo, na vya plastiki vilivyopasuka ndo vitoke. Hotpoti isiyoshika joto, chupa ya chai inayovujisha, blenda iliyoungua mota, viende kwa fundi wiki hii, na Jumamosi ikifika bado viko kwenye ndoo basi viende kwa mwenye mkokoteni.

Chakula kina siku mbili tatu na kinataka macho. Mwaga kila kitu kwenye ungo. Dagaa waliolainika waanike tena siku nzima, wakikauka waingie kwenye ndoo yenye mfuniko badala ya salfeti, maana salfeti ya dagaa inaita siafu na panya wote wa mtaa. Michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) vilivyotoka kijijini vipepete, vilivyotobolewa na wadudu mpe mwenye mifugo, vizima vianike virudi kwenye chombo kikavu. Unga wa muhogo nusa, ukiwa na harufu ya uvundo usioujua usiutumie.

Lakini karanga na mahindi yenye ukungu, ya kijani au meusi, ni ya kutupa moja kwa moja. Usichague yenye nafuu, usiwape kuku, usiuze. Kwenye ukungu ule kunaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kuosha wala kwa kupika, na inaharibu ini. Najua inauma kutupa chakula. Tupa.

Rafu zikishakuwa tupu pitisha tambara lenye maji ya sabuni, hasa kona za nyuma, mende wanataga huko.

Wiki ya nne, nje

Hapa ndo ushauri wa kwenye video za wenzetu haunifai mimi, wanasema usichotumia mwezi huu tupa. Ukitupa madumu Mwanza siku maji yakikatika siku tatu utafanyaje na unakaa mlimani? Madumu na ndoo ni mali. Ila yajue. Yajaze yote maji jioni, yaache juu ya sakafu kavu, asubuhi lenye alama ya maji chini yake linavuja, linaenda kwa wanaonunua plastiki. Lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya kupulizia mashamba lisiwekwe maji ya kunywa hata ulioshe mara ngapi. Mazima yaoshwe, yafungwe vifuniko, yapangwe yamelala chini ya paa. Simtanki na mapipa yafunikwe vizuri, kama mfuniko umepotea funga kipande cha neti kuukuu kwa mpira.

Siku inayofuata zunguka nyumba utafute kila kinachoweza kushika maji: tairi, vifuu, makopo, ndoo bila mpini, sinki bovu, hata mfuko wa nailoni uliobonyea juu ya bati. Yai la mbu mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja mpaka mbili tu. Na kuna aina ya mbu mayai yake yanagandia ukutani mwa chombo, yanakaa makavu miezi yanasubiri mvua, kwa hiyo usimwage maji tu, sugua na brashi kwa ndani. Tairi unalolihitaji lijaze udongo upande mchicha.

Rundo la matofali, mbao na mabati nyuma ya nyumba, hasa palipo na mawe makubwa, usiingize mkono. Vaa buti, tumia fimbo au reki, fanya mchana kweupe, maana nyoka, nge na tandu wanapenda hapohapo. Mwite kijana mkubwa msaidiane, watoto wakae mbali.

Wavuvi wa kule mwaloni, Igombe na Kayenze, nyavu chakavu msizirudishe ziwani, zinaendelea kunasa samaki hakuna anayewavua. Zikaushe, zinafaa kuzungushia bustani kuku wasile mboga.

Madirisha nimeyaacha mwisho makusudi. Wale wadudu wanaotoka ziwani kama moshi wakifa wanarundikana kwenye reli za madirisha na kwenye nyavu, vumbi linawafunika linakuwa tope. Fagia pakavu kwanza kwa brashi ya rangi ndipo upitishe maji, ukianza na maji unapaka matope.

Jumamosi ya usafi ikifika, saa moja asubuhi, salfeti zote nje, mkokoteni uwe umeshaitwa tangu Ijumaa. Usinunue kabati jipya wiki hiyo kwa sababu umeona nafasi, kaa nayo kwanza.

Halafu mvua ya kwanza ikinyesha, pita chumba kwa chumba wakati bado inanyesha. Kuta sasa zinaonekana, hakuna rundo linaloficha. Palipolowa zungushia kwa chaki, na kwenye silibodi hivyohivyo, piga picha. Mafundi paa wakati huo wanagombaniwa, ukimpata wako unamwonyesha alama moja kwa moja anapanda na silaha ya kuzibia, hamalizi nusu siku anatafuta tundu.